Ubao wa Mazoezi na Hitilafu Isiyozima Taa

Mwanagenzi anayekuja kujifunza kazi ya umeme katika karakana yetu hapa Kondele, Kisumu, huanzia kwenye ubao wa plaiwudi wenye ukubwa wa mlango, uliofungwa swichi, soketi, holda za taa na kisanduku cha breka, yaani swichi zinazojikata zenyewe mzigo wa umeme ukizidi. Ubao wa namna hii ni wa kawaida, na anayejiandaa kwa mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, hana budi kuuzoea. Kinachonikera ni jinsi unavyotumiwa nusunusu: kijana anaunganisha nyaya, mwalimu anawasha, taa ikiwaka anapongezwa, kisha kila kitu kinafunguliwa ili mwenzake naye aanze. Mimi naona kwamba somo lenyewe lilipaswa kuanzia hapo, kwa sababu taa kuwaka si ushahidi kwamba kazi imefanywa sawasawa.

Swichi ikifungwa kwenye nyutro (waya unaorudisha umeme) badala ya laivu (waya unaouleta), kwa mfano, taa itawaka na kuzimika vizuri tu, ila holda itabaki na volti 240 hata baada ya kuzimwa, na atakayeumia ni mwenye nyumba anayebadilisha balbu.

Hitilafu ninayopenda zaidi kuitega ubaoni ili mwanagenzi aitafute ni ile ya mzunguko wa duara wa soketi. Nyaya za milimita mraba 2.5 hutoka kwenye breka ya ampea 32, hupitia soketi moja baada ya nyingine, kisha hurudi zilikotoka, hivi kwamba kila soketi hupata umeme kutoka pande mbili. Nikichomoa ncha moja ya laivu nyuma ya soketi mojawapo na kuifunika, soketi zote zitaendelea kufanya kazi. Lakini sasa waya mmoja unaweza kubebeshwa mzigo uliokusudiwa kugawanywa kwa njia mbili, na kupata moto bila breka kukatika. Testa haitagundua lolote. Inambidi mwanagenzi azime umeme, azitoe ncha za duara kwenye kisanduku na kuzipima kwa mita: nyutro itaonyesha ukinzani mdogo sana, chini ya omu moja, ilhali laivu haitaonyesha muunganiko wowote. Hapo ndipo anapoanza kufungua soketi mojamoja, na mara nyingi vijana wenye mikono myepesi hushindwa na wale wazito wenye subira.

Ubao haupewi umeme kabla ya kupimwa hivyo, na hata ukishapewa, hulindwa na kifaa kinachokata umeme unapovuja kwa miliampea 30. Katika hilo sina mjadala.

Ubao una upungufu wake, kwani hauna paipu za kupitisha nyaya wala joto la chini ya mabati saa nane mchana, na hayo kijana atayajulia kwenye nyumba za watu. Rangi za nyaya, hata hivyo, zinaweza kufundishwa ubaoni. Katika nyumba za zamani laivu ni nyekundu na nyutro ni nyeusi. Katika utaratibu mpya laivu ni kahawia na nyutro ni buluu, na penye fezi tatu, yaani laivu tatu, ule mweusi nao ni laivu. Kwa hiyo sehemu moja ya ubao wetu imefungwa kwa rangi za zamani na nyingine kwa mpya, na mwanagenzi haruhusiwi kuziunganisha kabla ya kutambulisha kila waya kwa mita.