Silikanti na mimba ya gizani

Assalaam alaykum ndugu zangu, Ijumaa njema.

Wiki hii nimekaa sana na yule samaki wetu wa Tanga, silikanti. Wengi tunamjua kwa ile hifadhi tu iliyotangazwa 2009, ye mwenyewe wala hatumjui. Wanasayansi walikuwa wanaona mabaki yake ya kale kwenye mawe tu wakasema huyu alishaisha zamani, miaka milioni 66 huko, mpaka 1938 akanaswa mmoja mzima Afrika Kusini! Na huku kwetu miaka ya 2000 akaanza kutoka kwenye jarife za papa, wavuvi wakishangaa ni dude gani hili lenye mapezi kama vimiguu.

Mchana anakaa pangoni, chini sana, zaidi ya mita 100. Mwili wake ni bluu iliyokolea una madoa meupe, na ukuta wa pango nao una magamba ya chaza meupe meupe, sasa akitulia pale humtofautishi na jiwe. Lakini kilichonigusa ni hiki, madoa hayo hayo yanayomficha, hakuna silikanti wawili wanaofanana madoa, watafiti wakimpiga picha wanajua huyu ni fulani tulimuona mwaka ule. Yaani alichofichwa nacho ndicho anachojulikana kwacho, subhanallah.

Halafu hatagi, anazaa watoto wazima, na mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa walisoma magamba yake wakaona mimba inachukua kama miaka 5. Miaka mitano jamani, kwenye giza lile, nani anamuuliza hali?

Hapo nikawakumbuka dada zetu wanaosubiri mtoto, kila harusi kila msiba wanaulizwa vipi, bado tu? Na mimi nimewahi kuuliza hivyo, astaghfirullah, mtu akanyamaza akaangalia chini, na mpaka leo uso wake ninao. Kwenye Suratul An'am aya ya 59 Allah anatuambia anajua yaliyomo nchi kavu na baharini, jani halidondoki ila analijua, na punje iliyo kwenye giza la ardhi pia.

Leo baada ya swala naomba tumtaje kwenye dua kila mwenye kusubiri kimya kimya. Ukimjua dada wa hivyo jirani yako, mpelekee hata sahani ya futari, usimuulize kitu.