Makohozi ya mama

Mama amepikia kuni zaidi ya miaka 40, kwenye jiko la udongo lenye mlango mmoja na kidirisha alichokiziba kwa gunia, maana Lushoto kuna baridi. Sigara hajawahi kuonja. Kila masika hupata mafua. Yakiisha, kikohozi hubaki, na makohozi huwa mazito, ya kijani. Mwaka jana nilimleta kwangu mjini.

“Mwanangu, usinifiche. Ni TB?”

TB haikuwepo. Kazi yangu ni ya maabara, hivyo makohozi yale niliyaotesha mwenyewe kwenye agari ya chokoleti, chakula cha kuoteshea bakteria kwenye sahani. Chokoleti haimo, ni damu iliyopashwa moto mpaka chembe nyekundu zikapasuka na kugeuka kahawia. Kuna bakteria anayetaka vilivyomo ndani ya chembe hizo, asipovipata haoti. Kesho yake sahani ilikuwa na vidoa vya kijivu vinavyong’aa kama umande. Kwenye darubini, vijiti vifupi vya rangi ya waridi: Haemophilus influenzae.

Jina hilo alilipata kwa makosa. Mwaka 1892 Richard Pfeiffer, mtaalamu wa bakteria wa Ujerumani, alidhani ndiye anayeleta homa ya mafua, yaani influenza. Kirusi chenyewe kilipatikana kwa binadamu mwaka 1933. Lakini kwamba wawili hao huonekana pamoja, hilo alikuwa ameliona sawasawa. Kirusi hutangulia, bakteria hufuata.

Njia ya hewa iliyo nzima imetandikwa seli zenye vinyweleo vinavyopiga kama makasia, vikisukuma ute na uchafu juu kooni. Mafua huzichubua seli hizo, na moshi vilevile. Zikichubuka, unabaki wazi utando wa chini wenye laminini na kolajeni, protini zinazozishika seli mahali pake kama udongo unavyoshika matofali. Haemophilus ana mikono ya kuzidaka. Protini yake iitwayo Hap hunata kwenye laminini, fibronektini na kolajeni. Nyingine, protini E, ambayo timu ya Kristian Riesbeck wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, imeichunguza sana, hushika laminini na pia vitronektini.

Hiyo vitronektini ndiyo iliyoniuma. Ni protini yetu, imo kwenye damu, na moja ya kazi zake ni kuzuia kinga ya mwili isitoboe seli zetu wenyewe. Bakteria akijivika hiyo, kinga inayokuja kumtoboa inazuiwa vilevile. Kifua cha mama kilikuwa kinampa adui mahali pa kushika na nguo ya kujifunika.

Wengi huniuliza kuhusu chanjo ya Hib, yaani Haemophilus influenzae aina b, wanayopewa watoto. Ni chanjo nzuri mno, mpeleke mwanao. Ila inalenga ganda la sukari la aina b, na hawa wanaokaa kwenye vifua vya watu wazima mara nyingi hawana ganda lolote.

Daktari alimwandikia mama antibayotiki, akapona. Mimi nilimwambia, “Mama, ndani una kidonda, na moshi unakichubua kila siku kabla hakijafunga.”

Akafikiri. “Sasa maharage nitapikia nini?”

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mtungi wa gesi niliomnunulia unatosha chai na ugali. Kwa maharage ungeisha upesi mno. Desemba mimi na kaka tulibomoa ukuta wa jiko unaotazama bondeni, wote, na mafiga tukayasogeza nje, chini ya kibanda cha bati. Analalamika baridi. Masika haya bado sijayaona makohozi ya kijani.