Gurudumu la mota kwenye kitimwendo cha dada: wiki ya tisa

Kwa anayeanza kusoma leo: natengeneza gurudumu moja lenye mota ya umeme, linalofungwa mbele ya kitimwendo cha kawaida cha kusukuma kwa mikono. Likishabanwa kwenye fremu, vile vigurudumu vidogo vya mbele vinanyanyuka sentimita tatu kutoka chini, kiti kinasimama kama bajaji. Dada akifika kazini anafungua klampu mbili, analiacha mlangoni, anaingia na kiti chake mpaka kwenye cherehani. Kazi yake iko mjini, sisi tunakaa Igogo, na kila mtu wa Mwanza anaijua milima ya Igogo. Kushuka asubuhi si neno. Jioni ndiyo shida: lazima asubiri vijana wa kumsukuma, na wao wana shughuli zao.

Mota ni wati 350, iko ndani ya gurudumu la inchi 16. Betri ni ya lithiamu, volti 36, Ah 10 (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachohifadhi). Nilianza na betri tatu za asidi, lakini zilikuwa na uzito wa kilo 12 na dada hakuweza kuzinyanyua mwenyewe. Hii ina kilo tatu.

Wiki iliyopita, kwenye lami tambarare, mambo yalikuwa mazuri. Tulipofika kwenye kipande cha changarawe, mlima ulipoanza, gurudumu likazunguka palepale. Vijiwe vikaruka, kiti hakikusogea. Nilipoteza siku mbili nzima nikikagua kontrola, kile kifaa kinachoongoza umeme unaoingia kwenye mota, na kupima waya, nikidhani mota haina nguvu. Lakini gurudumu linalochimba shimo nguvu linayo! Linachokosa ni uzito wa kulikandamiza chini.

Basi nikaazima mizani. Gurudumu la mbele juu ya mizani, ya nyuma juu ya matofali ili kiti kikae sawa, dada akaketi kama anavyoketi siku zote. Kilo 26. Jumla yote, yeye, kiti na mtambo, ni kilo 93. Hapo ni tambarare. Ukipanda mlima, uzito unarudi nyuma zaidi.

Betri niliyokuwa nimeificha chini ya kiti nimeihamishia mbele, juu kidogo ya gurudumu. Watengenezaji wa Ulaya huuza hata vyuma vya kuning'iniza hapo kwa kazi hiyohiyo. Mimi naona heri uzito ambao tayari tunaubeba. Halafu mhimili wa magurudumu makubwa: kiti chake kina bamba lenye matundu, nikausogeza nyuma sentimita tatu. Hiyo pia inapunguza hatari ya kiti kupinduka kinyumenyume mlimani. Kusukuma kwa mikono kumekuwa kuzito kidogo, ameniambia wazi, ila amekubali.

Mkono unaounganisha gurudumu na fremu nilitaka kuukata sentimita 10, maana gurudumu likikaribia kiti linabebeshwa zaidi. Kabla ya kukata nikalifunga gurudumu kwa muda hapo karibu na kumwomba azungushe usukani. Tairi likagusa ncha ya kiatu chake cha kulia, likaacha mstari mweusi. Miguu yake haihisi. Angeumia bila kujua. Nimekata sita tu, na nimeongeza kibamba cha kuzuia usukani usipinde kupita kiasi. Hili sitalilegeza hata kidogo.

Mizani sasa: kilo 34.

Jana saa kumi na mbili jioni tulijaribu tena, changarawe ileile, kavu. Mara moja gurudumu liliteleza.

"Dada, inama mbele kidogo."

"Usinishike, mdogo wangu. Kaa pembeni."

Akainama, likashika. Alipofika kwenye lile jiwe kubwa ambapo huwa anafunga breki na kungoja watu, hakusimama. Nilimkuta nyumbani ameshafungua klampu ya kwanza.

Bado sijajaribu kwenye tope. Na klampu ya kushoto imelegea robo mzunguko baada ya safari hiyo moja, kwa hiyo kesho naweka nati ya kujifunga, ndipo aende nalo kazini.