Visanduku vya kiberiti darasani

Leo hatukuwasha kompyuta hata moja. Wanafunzi walinung'unika, maana waliambiwa wanakuja kujifunza akili unde, wakakuta mezani viberiti vitupu, shanga za rangi na kete. Nilikusudia hivyo. Mwanafunzi wa sekondari akianzia kwenye programu, anabonyeza, jibu linatoka, naye anaondoka akiamini kuna kitu mle ndani kinachofikiri.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1961 mtafiti Mwingereza Donald Michie aliunda mashine ya visanduku 304 vya kiberiti iliyojifunza mchezo wa duara na msalaba. Mwaka uliofuata Martin Gardner akabuni mchezo mdogo zaidi, wa visanduku 24 tu, na huo ndio tuliocheza. Ubao una miraba tisa, kila upande kete tatu. Kete husogea mbele mraba mmoja au hula kimshazari. Ukifika ng'ambo, ukizimaliza kete za mwenzako au ukimfungia njia zote, umeshinda.

Juu ya kila kisanduku imechorwa hali moja ya ubao. Ndani mna shanga, na kila rangi ni hatua moja inayoruhusiwa. Mwanadamu ndiye anayeanza. Zamu ya mashine ikifika unatikisa kisanduku, unachomoa ushanga bila kuangalia, unasogeza kete kama rangi inavyosema. Mashine ikishindwa, ushanga wa hatua yake ya mwisho unatolewa na haurudishwi tena. Hakuna kingine kinachoifundisha.

Mwanzoni waliipiga watakavyo, wakishangilia kila ushanga uliotoka. Kisha ushindi ukaanza kuwa mgumu, na mwishowe hakuna aliyeiweza. Hapo mmoja akauliza: "Mwalimu, hivi visanduku vinajua kwamba vimeshinda?"

Swali hilo ndilo nililokuwa nalingojea, nikalirudisha kwao. Walibishana sana, hadi msichana mmoja akasema: "Tunaojua ni sisi. Vyenyewe vimepungukiwa shanga tu."

Kundi la nyuma lilikuwa limeshafika mbali zaidi. Bila kuniambia, waligeuza kanuni wakawa wanatoa ushanga kila mashine *iliposhinda*. Visanduku ni vilevile, mchezo ni uleule, lakini mashine yao ikawa inazidi kushindwa. Nilifurahi mno. Hawa wamegundua kwa mikono yao kwamba mashine hufuata kipimo ilichowekewa, kiwe kizuri au kibaya.

Wiki ijayo tutasoma utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru wa mwaka 2018. Walipima programu za kutambua jinsia kwa kutazama uso, wakakuta makosa yanafika asilimia 34.7 kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, ilhali kwa wanaume weupe hayakuzidi asilimia 0.8. Kundi la nyuma nitalipa kazi ya kuongoza mjadala: programu hizo zilifundishwa kwa picha za akina nani, na nani aliamua kwamba zimefuzu?