Sivuti abiria: siku yangu kwenye ofisi ya vifurushi, Stendi ya Magufuli

Saa 9 usiku. Naoga, navaa sare, bodaboda hadi Mbezi Luis, Dar es Salaam. Nyumbani kwetu mtu akiulizwa nafanya kazi gani hujibu "yupo stendi", na aliyeuliza anajua yameisha: huyu ni wa kung'ang'ania mabegi ya watu getini. Jamani, sivuti abiria. Mimi ni karani wa vifurushi wa kampuni moja ya mabasi ya mikoani. Ukimtumia mama yako dawa Mbeya, au yeye akakutumia mchele, mzigo unapita mikononi mwangu.

Saa 10 alfajiri nafungua kaunta. Tangu safari za usiku ziruhusiwe tena Oktoba 2023, baada ya katazo lililoanza miaka ya 1990, stendi hailali, tunapokezana tu. Namkuta mwenzangu wa usiku kainamia daftari, tunahesabu mizigo pamoja, anasaini, anaondoka bila hata kuaga vizuri.

Mpaka saa 1 asubuhi ni vurugu tupu: mabasi ya Mbeya, Arusha, Mwanza, yote yanataka kutoka. Spea za magari kutoka Kariakoo, vitenge, televisheni iliyofungwa kwa godoro. Napima, naandika jina, simu na kilichomo, nachora namba kwa maka peni, nakata risiti. Lazima nione ndani. "Ni nguo tu, dada." Sawa kaka, tuzione hizo nguo. Nikiingiza mkono kwenye mguu wa suruali nakuta bahasha ya noti. Pesa hatubebi, namrudishia. Ananuna kama mimi ndiye niliyezificha.

Saa 2 asubuhi akaja baba mmoja, shati limenyooshwa, bajaji inamsubiri nje. Anataka kiroba chake cha mchele wa Kyela kilichopakiwa Mbeya jana jioni. Nikamwambia, baba, basi halijafika, kuna lori limeanguka, limelala kwenye kona za mlima Kitonga, Iringa, foleni haijafunguka.

"Limelala vipi? Dada yangu kaniambia saa 1 lipo Dar."

Dada yake hakukosea. Ndiyo ratiba. Lakini Mbeya hadi hapa ni zaidi ya kilomita 800. Kuna Kitonga, kuna hifadhi ya Mikumi ambako huwezi kukimbiza gari kwa sababu ya wanyama, kuna mizani ya Vigwaza, na dereva ana kifaa cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kinachomsema akizidisha mwendo. Nikamweleza yote hayo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo saa 3?"

Akatoka kugombana na dereva wa bajaji kuhusu hela ya kusubiri, akarudi, akakaa kwenye benchi usoni pangu. Kila simu yangu ikiita anasimama. Saa 4 akaanza hotuba: enzi za Ubungo mambo yalikuwa yananyooka. Hapo nilicheka. Ubungo hiyohiyo ya tope na vibaka, ambayo watu waliilaani tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi mabasi yalipohamishiwa huku 2021? Na ilipokuwa mpya, wazee wa wakati huo walikuwa wanalilia Kisutu na Mnazi Mmoja. Stendi ikishafungwa ndipo inapata sifa. Hii yetu ilifunguliwa na Rais Magufuli Februari 24, 2021, wiki chache kabla hajafariki, na nina hakika nayo itapata wa kuililia. Kwa sasa kilio chao ni kwamba ipo mbali na mjini, na hapo sibishi.

Basi likaingia saa 7 mchana. Buti likafunguliwa, na balaa ndipo lilipoanza: viroba viwili, vyote vimeandikwa "Baba Neema, Dar". Kimoja namba ya simu imefutika kwa kusuguana njiani. Baba yangu huyo akarukia kile kikubwa.

"Huu hapa! Dada yangu hushona kwa uzi wa bluu!"

Vyote viwili vilishonwa kwa uzi wa bluu. Ukiuliza, utakuta shazia na uzi vinauzwa na muuzaji mmoja palepale mlangoni kwa stendi ya Mbeya. Risiti? Anayo kwenye simu, picha iliyopigwa gizani, inaonekana kidole gumba na nusu ya tarehe. Akapandisha sauti, watu wakageuka, ndipo nikasikia lile neno: "Nyie wapiga debe ndivyo mlivyo!"

Sikumjibu. Nikampigia karani mwenzangu Mbeya, akanisomea daftari lake: namba na kilo. Nikapandisha viroba kwenye mizani mbele ya macho yake. Chake kilikuwa kile kidogo. Akasaini kimyakimya na kukiburuta mwenyewe hadi kwenye bajaji ya pili, maana ya kwanza ilishaondoka zamani. Chai yangu ya asubuhi niliinywa wakati huo, na kile kikubwa kikalala stoo mpaka mwenyewe alipokuja na risiti yake, dakika tano, ahsante sana, kwaheri.

Baada ya hapo saa sizijui vizuri. Maparachichi ya Njombe yaliyoanza kuiva yakavujia katoni za mtu. Miguu inawaka. Nilifunga hesabu, nikakabidhi, nikajitupa kwenye daladala.

Saa 3 usiku simu. Ni yeye. Mchele umepungua kilo mbili! Nikamwuliza kaupima kwa mizani gani. Ya dukani kwa jirani. Nikamwambia asome kilo kwenye risiti niliyompa, zile alizosaini baada ya kuziona.

Kimya kidogo.

"Haya mama. Jumapili mtakuwepo? Nina friji la kumtumia dada."

Tutakuwepo. Nimemwambia alete risiti ya dukani, na friji aliache wazi nilione ndani.