Basi nimezilisha mwenyewe

Neno la Mama mdogo halijanitoka kichwani. Hakulia alipolisema. Alikuwa ametoka kupasuliwa saratani ya ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi, amelalia ubavu ule usio na mshono, akaniuliza: "Wewe unayeshinda na hadubini, hebu niambie. Ovari walizotoa naelewa. Na yale mafuta, yalikuwa na kosa gani?"

Nikamweleza. Seli za saratani ya ovari zikibanduka huelea kwenye majimaji ya tumboni, na mara nyingi hutua kwenye omentamu, lile pazia la mafuta linaloning'inia mbele ya utumbo. Pale zinapata chakula na kuongezeka haraka.

Akanyamaza. Kisha: "Basi nimezilisha mwenyewe."

Nikamwambia omentamu kila mtu anayo, hata aliyekonda. Akageukia ukutani.

Wiki hii dada amejifungua salama na ripoti ya mradi imepita, ila mimi bado niko kwenye sentensi ile. Nimezilisha mwenyewe. Naisikia nikipiga mswaki.

Jana niliweka kioo chenye kipande chembamba cha omentamu yenye saratani chini ya hadubini, nikakaa nacho kuliko kazi ilivyohitaji. Mbali na uvimbe, seli za mafuta ni kubwa, za duara, zimebanana. Ukisogea kuelekea uvimbe zinasinyaa, nyuzi ngumu zinajaa katikati yake, mpaka unafika mahali hakuna mafuta tena. Hapo hasira ikanipanda, na hasira ile ilinifaa. Hizi seli za mafuta hazikumkaribisha mtu! Watafiti wa Chicago walionyesha mwaka 2011 kwamba seli za mafuta hutoa kemikali zinazozivuta seli za saratani, kweli, lakini zikishafika, saratani ndiyo inayozilazimisha zile za mafuta zivunje akiba yake, kisha inaichukua. Huo ni uporaji. Aliyeporwa haambiwi amelisha.

Na kuna jambo la mwaka 1984 ambalo nataka alisikie kwangu. Wagonjwa wa saratani wenye maji tumboni waliwekewa mrija wa kuyarudisha kwenye mshipa wa damu, ili wapate nafuu. Seli hai za saratani zikamiminika kwenye damu pamoja na maji hayo. Ilitegemewa zingeota kila mahali, lakini baadhi ya wagonjwa hao, walipochunguzwa baada ya kufariki, hawakukutwa na uvimbe mpya nje ya tumbo. Seli zilifika, tishu zikazinyima nafasi. Mwili unakataa mara nyingi kuliko tunavyojua, na huko kukataa ndiko ninakokutafuta kila siku nikiwa kazini. Jumapili nitamwambia hivyo, polepole, akiwa ameshakunywa dawa ya maumivu.

Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi ujao. Kila nikimuuliza mkuu wetu, jibu ni kwamba ofisi ya utumishi inalishughulikia. Kesho naenda huko mwenyewe kabla ya saa nne.