Tafakari ya wiki: Ulimi mzito na ujira mara mbili

Assalaam alaykum warahmatullah. Wiki hii tuitazame kazi moja ambayo watu wazima wengi, Unguja na Pemba, wanaibeba kimya kimya: kurudi chuoni kusoma Qur'ani. Mtu ana wajukuu, anaheshimiwa barazani, lakini akifunua msahafu anababaika. Husema, karafuu zikishakauka nitaanza. Zikikauka, husema ngoja Ramadhani.

Shetani hamwambii mtu huyu asisome. Humwambia kesho, na nyuma ya kesho hiyo ipo haya: watoto watanicheka. Basi turejee hadithi ya Bibi Aisha (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim: anayeisoma Qur'ani kwa kubabaika, nayo ikamuwia nzito, ana ujira mara mbili. Kule kubabaika unakokuonea haya ndiko kulikowekewa ujira wa pili!

Nabii Musa (a.s.) naye aliuhofia ulimi wake. Katika Sura Taha, aya ya 25 hadi 32, aliomba akunjuliwe kifua, afunguliwe fundo la ulimi, kisha akaomba apewe nduguye Harun awe msaidizi. Nawe tafuta wa kukusaidia: maalim mmoja atakayekusikiliza baada ya Alfajiri, na ikiwa haya zimekuzidi, mkae wawili tu. Kusikiliza kisomo kwenye simu kunafaa, lakini simu haikwambii umekosea wapi. Herufi ya qaafu hutoka mwisho kabisa wa ulimi, upande wa koo, na kaafu mbele yake kidogo. Sikio lisilozoea halizitofautishi, na kosa likishaota mizizi kuling'oa ni taabu kuliko kuanza upya.

Wengi hukwama kwenye kiwango. Siku ya kwanza mtu ana hamu, anachukua ukurasa mzima. Siku ya tatu amechoka, anaufunga msahafu na kujiona hafai. Ukurasa wa msahafu wa Madina una mistari 15. Chukua mitatu. Isome kwa kutazama mara kumi, polepole, umsomee maalim, uirudie kabla ya Isha. Kesho yake anza na ya jana ndipo uongeze. Kuanzia Jumamosi hadi Jumatano ukurasa umetimia. Alkhamisi na Ijumaa ni kurudia tu, wala usishawishike kuongeza. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo.

Siku moja itakupita tu: mgonjwa nyumbani, msiba, safari ya boti. Hapa ndipo wengi hupotea. Hujitwisha mistari sita ili kufidia, wakashindwa, deni likakua, wakaona haya kumkabili maalim. Katika Sahihi Muslim tumeambiwa tulipupie lenye kutunufaisha, tumuombe Allah msaada wala tusilegee, na likitusibu jambo tusiseme "lau ningefanya kadhaa", kwani lau humfungulia shetani kazi yake. Aliyekosa Jumatatu, Jumanne asome ile mitatu ya Jumatatu, basi.